Uainishaji wa Mwalimu Tarajali wa Baiolojia, Pamoja na Maelezo ya Makazi Yake na Tabia Zake Siku ya Kukaguliwa

Mwaka 1758 Carl Linnaeus wa Sweden alitoa chapa ya kumi ya Systema Naturae, akawapa wanyama wote aliowajua majina mawilimawili, tembo kwa kiroboto. Binadamu naye hakusahauliwa. Aliyemponyoka ni mmoja, na hatumlaumu, kwa sababu siku zile kiumbe huyo alikuwa hajazuka: mwalimu tarajali wa Baiolojia. Huyu huonekana katika shule za sekondari za Tanzania, kwa wingi kati ya Julai na Septemba, vyuo vikuu vinapomwachia aende fildi, yaani mazoezi ya kufundisha. Ukimwona kwa mbali utamtambua: shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, viatu havijazoea vumbi, na kwapani amebana karatasi za manila zilizoviringishwa na kufungwa rababendi.

Maandishi juu yake ni mengi lakini hayasaidii. Ipo miongozo ya mazoezi, zipo fomu za tathmini, zipo hotuba za kuaga. Zote zinaeleza anavyopaswa kuwa, hakuna inayoeleza alivyo. Makala haya yanakusudia kuziba pengo hilo. Data zilikusanywa kwa kukaa dawati la nyuma, kwa kusikiliza mazungumzo ya ofisi ya walimu wakati wa chai ya saa nne, na kwa kusoma maandalio ya somo yaliyosahauliwa mezani. Uteuzi wa sampuli haukuwa nasibu. Shule yenye maandazi ya moto ilipendelewa, na mtafiti haoni sababu ya kuficha hilo.

Nafasi yake katika himaya za viumbe

Katika himaya tano alizopendekeza Robert Whittaker mwaka 1969, ambazo ndizo zinazokaririwa sekondari, tarajali ni mnyama bila ubishi. Hata hivyo, pesa ya mazoezi inapochelewa kuingia, baadhi yao wamewahi kuonekana wakijaribu kuishi kama mimea, kwa maji na jua. Suala hilo tunawaachia wanafiziolojia.

Jenasi tumeiita Tarajali. Kanuni inataka jina la jenasi lianze kwa herufi kubwa, la spishi kwa herufi ndogo, na yakiandikwa kwa mkono kila jina lipigiwe mstari wake peke yake. Mwanafunzi akiunganisha mistari hiyo miwili anakatwa alama. Nadhani ndilo jambo pekee la uainishaji ambalo aliyesoma Baiolojia hulikumbuka mpaka anastaafu, hata akiwa amesahau kwa nini viumbe huainishwa.

Spishi zilizotambuliwa hadi sasa

Tarajali tabibu. Huyu alisoma tahasusi ya PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) akiwa tayari amevaa koti jeupe kichwani mwake. Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, alama hazikufika alikokuwa akitazama, na ualimu ukamwokota njiani. Si mjinga hata kidogo. Pengine ndiye anayeijua Baiolojia kuliko wote. Mzunguko wa damu huufundisha kwa majina yote, vali kwa vali, na akifika kwenye figo sauti yake hulegea kama ya mtu anayemkumbuka mchumba. Mimea haimhusu. Wataalamu wawili wa Marekani, James Wandersee na Elisabeth Schussler, mwaka 1999 waliandika kuhusu hali ya watu kutoiona mimea iliyo mbele ya macho yao wakaiita upofu wa mimea, na ningependa kuwaonyesha Tarajali tabibu akichora jani ubaoni kwa shida, huku tawi la mwarobaini limeingia dirishani na kumgusa bega.

Tatizo lake ni moja na ni kubwa, kwa hiyo tulikalie. Mwaka 1986 mtaalamu wa elimu Lee Shulman alitofautisha kulijua somo na kujua namna somo hilo linavyoingia, au linavyokataa kuingia, kichwani mwa mtu mwingine. Tabibu ana la kwanza, la pili hajawahi kuambiwa kwamba lipo. Chukua usanisinuru. Anaandika mlinganyo ubaoni, kabonidayoksaidi huku, maji kule, mwanga juu ya mshale, glukosi na oksijeni upande wa pili. Wanafunzi wananakili. Hakuna anayebisha, na hapo ndipo pa kuogopa, maana karibu kila mtoto aliyekulia shambani ameingia darasani akiamini kwamba mmea unakula udongo. Kwa nini asiamini? Baba yake hununua mbolea kila msimu na kusema mahindi yana njaa. Imani hiyo haiondolewi na mlinganyo. Hukaa pembeni kimya, mlinganyo ukapita kwenda kwenye mtihani, kisha ikarudi kitini pake.

Mwanasayansi Jan Baptista van Helmont aliwahi kuipinga imani hiyo kwa mzani. Alipanda mche wa mwilo katika udongo alioupima, akaumwagilia maji tu kwa miaka mitano. Mti ukaongezeka uzito wa kilo zipatazo 74, udongo ukapungua gramu chache zisizojaza kiganja. Taarifa yake ilichapwa mwaka 1648, baada ya kifo chake. Yeye mwenyewe alikosea hitimisho, akadhani mti wote umetokana na maji, na kosa hilo ni zawadi kwa mwalimu: uliza darasa, kama si udongo na si maji peke yake, kilo zote hizo zimetoka wapi? Ukimya utakaofuata una thamani kuliko mlinganyo. Lakini ili uulize swali hilo sharti ujue mapema mwanafunzi wako anaamini nini, na hilo chuoni hufundishwa kwa kupita tu, katikati ya historia ya elimu na hesabu za takwimu.

Tarajali manila. Spishi hii hutumia sehemu nzuri ya posho yake kwenye karatasi, kalamu za rangi na selotepu. Huchora moyo wenye upande wa bluu na upande mwekundu, mzuri wa kutundikwa sebuleni. Wakaguzi wanaotumwa na chuo humpenda. Chati hubandikwa ukutani dakika ya tano, hudondoka dakika ya nane, na muda unaobaki huenda kwenye kuirudisha. Kinachomtambulisha hasa ni kuchora alichonacho nje. Ameshuhudiwa akikesha kuchora panzi, kichwa, kifua na fumbatio, jozi tatu za miguu, wakati uwanja wa shule mwezi huo unaruka panzi kila unapokanyaga.

Tarajali projekta. Huyu ndiye anayetajwa wafadhili wanapozungumzia ufundishaji wa kisasa. Hufika na kompyuta mpakato, waya wa umeme wa mita kumi na flashi yenye video. Umeme ukiwepo, wanafunzi tisini hutazama seli ikigawanyika. Ukikatika, hutazama ukuta. Katika hali zote mbili swali la mwisho ni lile lile, “Tuko pamoja?”, na jibu ni lile lile, “Tukooo!”

Hapa nitamtendea haki. Zipo sehemu za Baiolojia ambazo skrini inazifaa kuliko ubao, na mgawanyiko wa seli ni mojawapo. Hadubini ya shule humwonyesha mtoto seli zilizokufa zikiwa zimekaa foleni, video humwonyesha kromosomu zikivutwa. Kuna pia programu za PhET za Chuo Kikuu cha Colorado, mradi ulioanzishwa na mwanafizikia Carl Wieman mwaka 2002, za bure, na nyingi ukizipakua zinaendeshwa bila intaneti. Katika ile ya uteuzi asilia mwanafunzi anafuga sungura, anawaletea mbwa mwitu, anabadilisha mazingira, kisha anahesabu manyoya ya rangi gani yamebaki. Anayeshika kipanya ni mwanafunzi. Projekta wetu hukishika mwenyewe kipindi chote, akaonyesha sungura kwa mbali kama mpiga picha wa harusi.

Tarajali nukuu. Husoma daftari lake la chuo kwa sauti, wanafunzi huandika. Kuenea kwake ni kwa dunia nzima na kumbukumbu zake ni za kale. Zaidi ya hapo hana cha kuelezwa.

Tarajali faraguzi. Nadra. Atafuata baadaye.

Ufunguo wa utambuzi

Kwa msomaji aliye uwandani na asiye na muda:

1a. Ana karatasi za manila … Tarajali manila
1b. Hana … nenda 2
2a. Anatafuta soketi … Tarajali projekta
2b. Hatafuti … nenda 3
3a. Ametaja ugonjwa kabla ya dakika ya kumi … Tarajali tabibu
3b. Hajataja … nenda 4
4a. Mkaguzi yupo darasani … anza upya 1
4b. Mkaguzi ameondoka … Tarajali nukuu

Mwanataksonomia makini ameshaona kasoro. Hatua ya nne inavunja mfumo mzima. Manila, mkaguzi akipanda pikipiki na kuondoka, anakunja chati yake na kufungua daftari. Projekta naye anafungua daftari. Tabibu alikwishalifungua. Wote huishia kuwa nukuu, na kesho yake huwezi kuwatenganisha hata kwa hadubini ya elektroni. Kwa maneno mengine, hatuna spishi nne. Tuna moja, yenye tofauti zinazosababishwa na mazingira, na mazingira yenyewe ni mtu mmoja mwenye fomu na kalamu.

Uigaji

Jambo hili la kujigeuza mbele ya mkaguzi lina jina katika sayansi. Henry Walter Bates alikaa misitu ya Amazon miaka kumi na moja, na mwaka 1862 akachapisha maelezo ya vipepeo wasio na sumu waliovaa rangi za vipepeo wenye sumu, ndege wakawaogopa bure. Kipindi cha kukaguliwa ni kipepeo wa Bates. Kina rangi zote za ufundishaji shirikishi ambao mtaala wa sekondari wa mwaka 2005 uliudai kwa jina la umahiri, na ambao maboresho yaliyofuata yameendelea kuudai. Madawati yamegeuzwa, wanafunzi wametazamana, ubaoni pameandikwa bungua bongo, kuna changanyakete, na katibu wa kila kikundi yuko tayari na kalamu. Ukiinama utazame wanachofanya ndani ya kikundi, utamkuta mmoja anaandika na saba wanamsubiri.

Na kuna siri ambayo darasa zima linaijua. Somo hili lilifundishwa juzi. Tarajali alipata fununu kwamba mkaguzi yuko wilayani, akalirudia somo lililokwenda vizuri, na wanafunzi kwa huruma yao wamekubali kushangaa upya. Mtoto mmoja asiye na adabu ya mjini akiinua mkono kusema, “Lakini mwalimu, hii si tuli…”, hukanyagwa mguu chini ya dawati kabla hajamaliza. Wanafunzi wetu hawamwachi mgeni aaibike. Nimeona ulinzi wa viongozi uliopangwa vibaya kuliko huo.

Lugha nayo hubadilika. Jumatatu, bila mgeni, wanafunzi hufafanuliwa osmosisi kwa Kiswahili safi na mfano wa kachumbari inayotoa maji ukiitia chumvi, na wanaelewa. Siku ya mkaguzi kachumbari hufutwa, Kiingereza hutawala, na mikono inayoinuka hupungua mpaka ya wale watatu wa dawati la mbele.

Uchunguzi wa andalio la somo ulitoa matokeo ya kuvutia zaidi. Tangu Benjamin Bloom na wenzake watoe mchanganuo wao wa malengo mwaka 1956, vyuo vingi vya ualimu duniani vimekipiga marufuku kitenzi “kuelewa”, kwa hoja kwamba hakipimiki. Tarajali huruhusiwa kuandika kwamba mwanafunzi atabainisha, atafafanua, atachambua. Marufuku hiyo imefanikiwa kupita matarajio: kitenzi kimeondoka kwenye andalio na baadaye kikaondoka darasani. Kwenye safu ya tathmini, ambayo kimantiki hujazwa kipindi kikiisha, tuliona maandishi yasemayo somo limeeleweka kwa asilimia 80. Wino ulikuwa umekauka. Kengele ya kuingia darasani ilikuwa bado haijapigwa.

Makazi

G. F. Gause, Mrusi, mwaka 1934 alionyesha kwa viumbe wa seli moja kwamba spishi mbili zinazotegemea riziki ileile mahali palepale haziwezi kudumu pamoja. Moja itaiondoa nyingine. Kanuni hiyo hufanya kazi shuleni ndani ya saa ishirini na nne. Tarajali anapokabidhiwa ratiba asubuhi, mwalimu mwenyeji wa Baiolojia hutoweka alasiri. Vipindi vyote vya kidato cha kwanza mpaka cha tatu huwa vya mgeni, pamoja na zamu, klabu ya mazingira na usimamizi wa usafi wa vyoo. Mwenyeji huonekana tena Septemba, amenenepa kidogo, kuja kusaini.

Tusimcheke mwenyeji kupita kiasi. Amekuwa akibeba madarasa hayo peke yake, pengine ndiye mwalimu pekee wa sayansi aliyebaki, na tarajali kwake ni mvua baada ya ukame. Lakini kwa mafunzo ya ualimu hasara ni kubwa, maana yeye ndiye anayejua kwamba kidato cha pili hukwama kwenye nguvu ya kukuza ya hadubini na kwa nini. Fomu za chuo humwita mwalimu mlezi. Ulezi wake hufanyika kwa simu.

Matokeo yake ni ya kibaiolojia kabisa. Chuo hudhani tarajali hupitia metamofosisi kamili, kama kipepeo: anaingia fildi akiwa buu, anajifungia wiki nane, anatoka na mabawa. Ukweli ni kwamba yeye ni jamaa wa panzi. Metamofosisi yake si kamili. Tunutu hutoka yaini akiwa tayari amefanana na mzazi, kilichobaki ni kukua. Dan Lortie, katika kitabu chake Schoolteacher cha mwaka 1975, alieleza kwamba mwalimu huanza kujifunza ualimu akiwa mwanafunzi, kwa maelfu ya saa za kutazama walimu wake. Tarajali wetu aliandikiwa nukuu kidato cha kwanza hadi cha sita, chuoni akaandikiwa nukuu kuhusu ubaya wa nukuu, na sasa tunataka atoke yaini akiwa kipepeo.

Maabara nayo ni makazi, hasa kwa popo. Rais Jakaya Kikwete, kuelekea mwisho wa utawala wake, aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, za Fizikia, Kemia na Baiolojia. Michango ikachangwa na majengo yakapanda. Mengine yana meza, sinki na gesi, mengine yanatunza madawati mabovu. Kwa tarajali, hata ile iliyokamilika ni ugeni, kwa sababu chuoni kila alipoingia maabara alikuta fundi sanifu ameshatayarisha kila kitu. Huku fundi ni yeye. Basi anachukua punje za ayodini, anazitia kwenye maji, anakoroga, anasubiri. Haziyeyuki. Hakuwahi kuelezwa, au alielezwa akasahau, kwamba kwanza inatakiwa kuwe na potasiamu ayodaidi ndani ya maji hayo. Kipindi kinaisha akikoroga. Duka la dawa barabarani lina tincha ya ayodini ambayo, ikizimuliwa kwa maji, ingegeuza kipande cha muhogo kuwa bluu inayokaribia weusi mbele ya macho ya watoto. Na kuhusu kuchemsha jani kwenye spiriti, tutasema tu kwamba wapo waliobandika kikombe cha spiriti moja kwa moja kwenye moto badala ya kukitia ndani ya maji ya moto, na kwamba nyusi huota tena.

Tarajali faraguzi

Sasa yule nadra. Ufaraguzi, yaani kutengeneza zana kwa vitu vilivyopo, umo katika silabasi za vyuo vya ualimu, una swali lake la mtihani, na hujibiwa vizuri. Kuuona uwandani ni bahati. Faraguzi hafiki na furushi. Siku moja kabla, amewaambia wanafunzi waje na panzi kwenye chupa za maji, na kila kikundi kina wake, anayerusha miguu, hivyo hakuna anayeuliza fumbatio ni nini. Ua lake analitoa kwenye uzio wa haibiskasi ulioizunguka ofisi ya mkuu wa shule, kubwa, lenye stameni na pistili zinazoonekana bila lenzi. Ukungu anaupata kwenye mkate aliouacha kabatini kwa makusudi. Amesikia habari za hadubini ya karatasi ambayo Manu Prakash na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford waliitangaza mwaka 2014, ya kukunjwa kwa mkono na yenye vipuri visivyofika dola moja, lakini hajaipata, kwa hiyo anadondosha tone la maji kwenye lenzi ya simu yake, anaigeuza kwa uangalifu, na ngozi ya kitunguu inakua.

Jaribio lake la osmosisi ni viazi mviringo viwili. Vyote vinamenywa, vinachimbwa shimo, vinatiwa sukari na kusimamishwa kwenye sahani yenye maji. Kimoja kibichi, cha pili kimechemshwa kwanza. Kesho yake shimo la kibichi limejaa maji, la kilichochemshwa halina cha kuonyesha. Msichana mmoja nyuma anauliza kwa nini alihangaika kuchemsha. Faraguzi hajibu. Anawageukia wenzake na swali hilohilo, na dakika kumi na tano zinapita watu wakibishana, kwa Kiswahili na Kiingereza chao, kuhusu utando wa seli hai na uliokufa. Andalio lake la somo lilisema dakika tano. Mkaguzi angemkata alama za muda.

Tulichunguza asili ya spishi hii kwa hamu. Hairithiwi: tulikuta mtoto wa mwalimu mashuhuri ambaye ni nukuu mtupu. Haitokani na GPA. Haitokani na kompyuta. Kila tulipoipata, na hatukuipata pengi, palikuwa na mwalimu mwenyeji ambaye hakutoweka. Aliingia darasani na tarajali, akakaa, akafundisha yeye Jumanne na kumwachia mwenzake Alhamisi, na baada ya kipindi walikaa chini ya mwembe wakazungumza habari ya yule msichana wa nyuma.

Kwa hiyo ombi letu kwa vyuo halihusu projekta. Mpeni mwalimu mwenyeji posho na nafasi kwenye fomu, alama zake zihesabike sawa na za mkaguzi, na apunguziwe zamu ili apate muda wa kukaa. Mfundisheni tarajali kuyeyusha ayodini kabla hajamaliza mwaka wa pili, na mmweleze mwanafunzi anaamini nini kuhusu udongo. Nawe mkaguzi utakayetumwa mwaka huu: usitangaze siku, usihesabu chati, mwite mtoto mmoja wa dawati la nyuma umuulize amejifunza nini wiki hii. Na safu ya tathmini ijazwe kipindi kikiisha.